Kitambaa Cheusi Nyuma ya Motere

Ni ule mwaka tulikula wali wenye makapi. Mutu wa Kasongo akisikia hivyo anajua ni mwaka gani, hahitaji kalenda. Mupunga ulikuwa mwingi, hata panya walinenepa, lakini mashini ya kukoboa pale sokoni ilikuwa imegoma, na sisi wanawake tulirudi kwenye vinu kama nyanya zetu. Tulitwanga mpaka mabega yakawaka, na bado wali ulifika mezani na makapi yake. Watoto walikohoa. Wazee walitema pembeni ya sahani na kututazama sisi, kana kwamba sisi ndio motere iliyoharibika.

Mwaka ule ndipo Fundi alifika. Nitamwita Fundi tu. Jina alikuwa nalo, nami nalijua, lakini hakuna mutu sokoni aliyelitumia, na mimi sitaanza leo. Alikuja kwa muguu kutoka upande wa Lusangi. Sikumuuliza wazazi wake ni akina nani. Mwanaume akifika na mufuko wa vyombo begani, na wewe unakula makapi, unauliza kwanza kama atatengeneza. Mambo ya ukoo yatakuja baadaye. Hayakuja.

Mimi nilikuwa nakaanga mikate ya mafuta mbele ya ile mashini. Bado nakaanga. Wajukuu wangu wanasema nipumzike, nami nawauliza wamenenepa kwa kitu gani kama si hii mikate. Wakati ule nilikuwa mujane na kitambaa cheusi begani, kwa sababu ukoo wa marehemu walikuwa hawajakubaliana siku ya kunitoa matanga. Leo mbuzi haijapatikana, kesho shemeji iko Kindu. Nilikaa katika weusi ule mpaka nikauzoea kama mutu anavyozoea jirani mubaya.

Fundi hakuwa na sura ya kumwimbia. Shingo ndefu, magoti yaliyotangulia mwili, na viatu viwili visivyojuana, kimoja cha ngozi, kingine cha plastiki. Ukimuuliza alijibu kwamba kila muguu una tabia yake. Shati lake lilikuwa na kifungo kimoja, nacho kilifungwa mahali si pake. Lakini mikono! Alinawa kwa esanse, ile petroli, halafu kwa sabuni, halafu kwa majivu ya jiko langu, mpaka kucha zikawa safi kuliko za bibi harusi. Kisha anachukua mukate na kujipaka mafuta upya, na kuufuta mukono ule kwenye lile shati. Sikuwahi kuona mutu anayejiheshimu kuanzia kiganja mpaka kwenye kiwiko, na zaidi ya hapo amejiachilia.

Alikuwa mwongo pia. Niseme ukweli, marafiki zangu wa sokoni wako hai na watanisuta. Alisema aliishi Bujumbura, siku nyingine ilikuwa Kigoma, siku nyingine alikuwa amepita tu na mashua. Alisema hapendi mikate ya mafuta, huku anakula. Lakini mbele ya motere hakudanganya. Mwenye mashini, mutu mwenye tumbo na hasira, alimusimamia kichwani siku ya kwanza.

"Iko na nini?"

"Sijui bado."

"Fundi gani huyu anasema hajui?"

"Fundi mwenye atakuambia kesho. Wale wengine walikuambia jana, na bado unakula makapi."

Tulicheka mpaka mwenye mashini akaingia ndani.

Ile motere ilikuwa inawaka, inapanda, inashuka, inapanda tena kama mulevi anayetafuta mulango. Ukimwaga mupunga tu, inakufa. Mafundi wote waliokuja kabla yake walikuwa wamefungua karabureta, wameiosha, wameirudisha, wamechukua pesa. Fundi alichuchumaa, akaitazama muda murefu, akasema, "Inavuta hewa ya wizi."

Nikamuuliza hewa ya wizi ni nini. Mimi si mutu wa kukaa karibu na kitu bila kuuliza. Akanieleza kama unavyomweleza mutu unayemuheshimu. Motere inapumua kwa mudomo mumoja, na kwenye ule mudomo ndipo hewa na esanse vinapimwa vichanganyike. Sasa pakiwa na tundu mahali pengine, hata kama nywele, inanyonya hewa pembeni, hewa ambayo haikupimwa. Esanse inakuwa chache, nguvu inakwisha, na macho hayaoni kitu.

"Nasikia kitu kama birika linaloanza kuchemka," nikasema.

Akageuka haraka. "Upande gani?"

Nikamuonyesha kwa mwiko. Mimi nimekaa mbali, sufuria yangu inanguruma, yeye ameinama juu ya motere, na ananiuliza mimi. Niliweka jambo lile moyoni, sikulisema.

Kesho yake alikuja kuomba kopo. Nilikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga, lenye kifuniko cha kukaza, naweka chumvi ndani.

"Mama Mikate, nipe ile kopo."

"Iko na chumvi."

"Chumvi inaweza kukaa kwa karatasi. Moshi haiwezi."

Nikampa, ili nione ujinga wake unafika wapi. Akatoboa matundu mawili. Kwenye moja akaingiza tiyo, mupira wa kuleta hewa kutoka pompi ya baiskeli, kwenye lingine tiyo ya kupeleka moshi kwenye motere. Ndani akaweka matambara yenye mafuta machafu na kaa la moto. Akaziba mudomo wa karabureta, akapiga pompi. Kifuniko kiliruka juu ya paa la mashini, moto ukatoka, na nyusi za Fundi zikaondoka pamoja nao. Mwanamuke anayeuza nyanya, jirani yangu, alilala chini kwa kicheko. Fundi alibaki amekaa, uso mweusi, anajipapasa mahali nyusi zilipokuwa.

"Wewe umewahi kukausha samaki?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Inaonekana. Huo ni moto, si moshi."

Kila mwanamuke wa hapa anajua kwamba moshi mnono hautoki kwenye kitu kinachowaka vizuri. Nikamupa makapi ya ngazi za muchikichi, zile nyuzi zinazobaki ukishakamua mawese, zenye unyevu kidogo. Hizo hazina haraka. Zinakaa zinanung'unika, zinatoa moshi mweupe, mzito, wenye uvivu. Kifuniko nikakiziba pembeni mwa duara lote kwa unga wa mikate uliokandwa, ambao ukipata joto unakaza kama udongo. Fundi alitazama vidole vyangu kwa namna ambayo, nikiwa na kitambaa kile begani, sikupaswa kuiona. Niliiona.

Sasa moshi ukaingia. Alikuwa amekwisha kutoa tanki ya esanse na kuipeleka mbali nyuma ya ukuta, akakausha karabureta mpaka tone la mwisho. Katika hilo hakuwa na muzaha. Ukitaja kaa la moto anakuuliza kwanza esanse iko wapi. Lakini moshi ulipoingia hatukuuona ukitoka. Jua kali, ukuta mweupe, moshi mweupe. Fundi akazunguka, akainama, akapangusa macho. Halafu akasimama mbele yangu, akanyoosha mukono kuelekea bega langu, hakugusa.

"Mama, naomba hicho."

Kitambaa cha matanga hakiombwi. Hakivuliwi mbele za watu, na hakivuliwi na mutu mwenyewe. Wakwe ndio wanaokuvua, siku yao, kwa mbuzi yao. Nilifikiri mambo mengi pale, na yote yalikuwa na sura ya shemeji. Kisha nikafikiri wali wenye makapi. Nikakivua.

Nilikishika kwa mikono miwili nyuma ya motere kama mutu anayeanika. Fundi akapiga pompi polepole. Na pale, chini ya kile kiwiko cha chuma kinachounganisha karabureta na motere, ukatoka uzi. Mwembamba, mweupe, umenyooka, unapanda mbele ya weusi wa matanga yangu.

"Ngoja kwanza," akanong'ona. Hilo ndilo lilikuwa neno lake katika kila kitu. "Ngoja kwanza. Inapumua."

Jirani wa nyanya akapaza sauti: "Jamani, Mama Mikate ametoa matanga kwa motere!"

Walicheka mpaka mwisho wa soko, na habari ikafika kwa wakwe kabla sijarudi nyumbani. Fundi alikata kipande cha mupira wa zamani, akakilaza pale penye tundu, akakaza. Jioni ile tulikula wali safi. Na wakwe, kwa aibu, wakapata mbuzi haraka sana. Walipotaka kukichoma kitambaa, kama ilivyo desturi yetu, niliwaambia kimeshakuwa chombo cha kazi, wakaulize kwa Fundi. Hawakwenda.

Tangu hapo soko letu lilikuwa na sheria yake. Fundi akiita, "Mama zangu, funikeni moto!", kila mwenye jiko anafunika, mwenye mahindi, mwenye samaki, mimi na sufuria yangu, ili moshi wa mwingine usimudanganye. Hakuna kupepea. Hakuna kutikisa nguo. Wageni waliofika wakati ule walifikiri kuna mufu anapita. Na mimi nasimama nyuma ya pikipiki ya mutu na kitambaa changu, yeye amepiga magoti mbele, shavu karibu na chuma, tunangoja uzi. Ule moshi ulinuka mikate iliyoungua kwa sababu ya ule unga, watu wakapata njaa, nikauza sana. Lakini sikusimama pale kwa ajili ya kuuza.

Kupanda pikipiki alikataa kabisa. Alitengeneza za Kasongo nzima, na akiitwa Lusangi anakwenda kwa muguu, mufuko begani. Vijana wa pikipiki walimuchokoza: "Fundi, panda, nakubeba bure!" Anawajibu, "Wewe haujui ile iko ndani, ndiyo maana uko na furaha."

Alikuwa wa musikiti, mimi ni wa kwaya. Mwezi wa kufunga alikuja kukaa karibu na sufuria yangu mchana kutwa, akivuta harufu. Nikimufukuza anasema saumu ya mutu aliyekaa mbali na mikate ni ya bei rahisi. Na Jumapili alinisubiri kwenye kona ya barabara. "Leo mumeimba vizuri sana," akaniambia mara moja. Siku ile kwaya haikuimba kabisa, tulikuwa na msiba. Nikamutazama. Akatazama viatu vyake.

Mvua ndiyo iliyomaliza shaka niliyokuwa nayo tangu ile siku ya birika. Mvua ya kwetu haiji kimya, inatangulia kwenye mabati ya ng'ambo kama malori ya mawe, na soko lote linakimbia. Siku hiyo wote walikimbia. Fundi aliendelea kufunga bugi, ile plagi ya kuwasha motere, ametupa mugongo, ametulia, mpaka tone la kwanza lilipompiga shingoni ndipo akaruka. Nilikuwa nimesimama chini ya paa. Alikuja akasimama karibu nami, maji yanamutiririka.

"Masikio yako yameondoka tangu lini?" nikamuuliza.

Alikuwa ananitazama mudomoni. Hapo nikaelewa alikuwa anatazama midomo ya watu wote siku zote, na mimi nilikuwa nimefikiri ni mudomo wangu tu. Iliniuma kidogo. Nasema kweli.

"Polepole," akasema. "Yalianza kabla sijafika hapa. Fundi mwingine anasikia ile filimbi ya hewa, anaweka kidole. Mimi nilitafuta namna ya kuiona." Halafu akasema, "Mama, watu hawataleta motere kwa kiziwi."

Watu walikuwa wanasema moshi ule ni akili nyingi. Ulikuwa akili, sikatai. Lakini kabla ya kuwa akili ulikuwa woga. Sikumwambia mutu. Nilijifunza kumusemea nikiwa mbele yake, mudomo wazi, bila kutafuna, na akija mwenye gari nilisogea nirudie maneno yake kama mwanamuke mwenye kiherehere. Walinisema kwa hilo. Waache waseme.

Kisha wakaja watu wa Salamabila. Kule kuna machimbo, kuna pompi za kuvuta maji mashimoni, kuna mashini za kusaga mawe, na motere za kule zinakufa kama nzi. Walikuja kumuchukua na walikuwa na haraka. Fundi alikuja mezani kwangu. Mimi nilikuwa nimemupa mugongo, nakaanga, mafuta yamechemka, moshi wa kuni umeniingia machoni.

"Mama," akasema nyuma yangu, "naenda Salamabila. Twende wote."

Ningefanya nini? Nina watoto, nina shamba la mihogo, nina kaburi la marehemu, nina mahali pangu sokoni ambapo mama yangu alikaa kabla yangu. Na mwanaume ananiuliza mbele ya wateja kama anaomba chumvi! Macho yalikuwa yanatiririka, nami sigeuzi macho ya namna ile kwa mutu. Nikasema kwenye sufuria, si kwa sauti, lakini kwa ukamilifu:

"Siendi. Mwenye kunitaka abaki."

Nilipogeuka, nimepangusa uso, alikuwa barabarani. Shingo ile ndefu, mufuko begani, viatu viwili visivyojuana. Juu ya meza aliacha kopo. Kitambaa alikuwa amekichukua.

Miaka ilipita, sikuihesabu. Kopo nililiweka kwenye rafu. Chumvi sikuirudisha ndani. Mafundi wengine walikuja kuliazima, nikawaambia limetoboka. Wafanyabiashara wa samaki ndagala waliopita walileta habari: Fundi iko Salamabila, ametengeneza pompi, Fundi iko Kabambare, Fundi amezeeka, Fundi sasa ni kiziwi kabisa, zile mashini za mawe zimemumaliza. Mumoja akasema amekufa. Jirani wa nyanya akanishika mukono akaniuliza kama nitavaa weusi.

"Kwa nguo gani?" nikasema. "Kitambaa changu iko naye."

Lakini nilianza kusikiliza motere. Kila pikipiki iliyosimama mbele yangu niliisikiliza inavyopumua. Mutu mwingine anakumbuka uso, mwingine anakumbuka wimbo. Mimi nilikuwa nakumbuka filimbi ambayo yeye hakuweza kuisikia.

Kiangazi hiki kilichopita nilikuwa hapo hapo, na mikate hiyo hiyo. Pikipiki moja ikasimama, na vumbi la Lusangi limeifunika. Dereva, mwanaume wa makamo, akashuka kwanza. Nyuma alikuwa amekaa muzee ameshikilia kiti kwa mikono miwili kama mutu anayevuka mutoni. Nilitazama viatu. Vilifanana, vyote vya plastiki. Halafu nikatazama kucha.

Amepanda pikipiki, nikajiambia. Kumbe amezeeka kweli.

Dereva hakuzima motere. Inapanda, inashuka. Inapanda. Na chini yake, nyembamba, filimbi.

"Zima hiyo," nikamwambia dereva. "Inavuta hewa ya wizi."

"Bibi, wewe fundi tangu lini?"

"Tangu wewe unanyonya. Zima."

Nikaingia ndani nikatoka na kopo. Fundi alipoliona, uso wake ulifanya kitu ambacho sitakieleza. Nikakanda unga. Nikatia makapi ya ngazi. Dereva alipoona natafuta kaa la moto akaanza kupiga kelele, "Bibi, esanse! Esanse!", lakini muzee alikuwa amekwisha kufunga bomba, amefungua tanki, anaipeleka nyuma ya ukuta, anaikumbatia kama mutoto. Aliporudi, akapaza sauti ile isiyojipima ya watu wasiojisikia:

"Mama zangu, funikeni moto!"

Wasichana waliokalia soko siku hizi hawaijui sheria ile. Jirani wa nyanya, aliyebakiwa na meno machache lakini mudomo wote, akawapigia kelele: "Funikeni, wajinga ninyi! Hamumujui huyu?" Wakafunika.

Fundi akafungua mufuko. Akatoa kitambaa. Kilikuwa kimepauka, kimejaa matundu ya cheche, lakini kimefuliwa, kimekunjwa. Akanipa bila kunitazama. Nikasimama nyuma ya pikipiki, nikakinyoosha. Yeye akapiga magoti, taratibu, goti moja kwanza. Dereva akapiga pompi. Tukangoja.

Uzi ukatoka pale kwenye mupira wa karabureta.

"Inapumua," akasema, na akacheka, na mimi nikacheka, na kile kitambaa kikatikisika mpaka uzi ukapotea.

Alikata kipande cha mupira wa ndani wa baiskeli, akafunga, akakaza kwa waya. Dereva akarudisha tanki, akawasha motere. Ilitulia kama paka. Fundi aliweka kiganja juu ya chuma, akaisikiliza kwa mukono. Halafu akaja mezani.

"Siku ile nilikuuliza," akasema. "Haukunijibu."

Mwiko ulinitoka mukononi. Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba alisikia, akapima, akachagua barabara. Nilimupikia hasira miaka yote hiyo. Na yeye huko Salamabila alikuwa amebeba mugongo wangu tu, mudomo hakuuona.

"Niko na nyumba," akaendelea. "Iko na mabati. Kuna mahali pazuri pa kukaangia, karibu na barabara. Pikipiki imepona. Twende, Mama."

Dereva alikuwa amekwisha kupanda, anangoja. Mufuko wa Fundi ulikuwa bado chini, kati ya miguu yake na yangu. Mioto ilikuwa imefunikwa, hakuna aliyefunua, hakuna aliyetikisa nguo, na kila sikio lililopo pale lilikuwa limeelekea kwangu.

Nikazunguka meza. Nikamushika kidevu kwa vidole vyenye unga, nikageuza uso wake ukawa mbele ya wangu, mudomo wangu mbele ya macho yake. Nikasema kwa sauti ya kumwita mutu aliye ng'ambo ya muto Lualaba:

"Siendi. Mwenye kunitaka abaki."